Povu Nililoliita Jeupe

Sehemu ya Nne

Msomaji uliyenifuata tangu mwanzo, unajua jinsi ukungu ulivyoingia machoni mwangu na jinsi nilivyoufanya siri. Unajua kwamba nilizikariri herufi za ubao wa daktari wa macho kwa kumsikiliza mgonjwa aliyenitangulia, nikazitaja zote bila kuziona, nikarudi nyumbani na cheti cha uzima. Unajua pia habari ya mteja niliyempimia mafuta ya miguu badala ya mafuta ya nywele, naye akarudi baada ya juma moja kuyaomba tena kwa kuwa yalimpendeza.

Hayo yalichekesha. Ya leo hayachekeshi.

Uliyeanza kusoma leo, tosheka na haya. Nilifundisha maarifa ya nyumbani kwa miaka thelathini na miwili, kwanza chini ya masista walionilea, kisha peke yangu. Nilipostaafu, mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa amefungua saluni aliniomba niwe msimamizi wake. Sikusuka wala sikuosha. Kazi yangu ilikuwa utaratibu.

Na utaratibu mkuu, niliouweka mwenyewe bila kushauriwa na mtu, ulikuwa huu: kichwa kilichotiwa dawa hakiondoki kwenye sinki mpaka mimi nimeinama, nimeangalia povu, nimetoa neno.

Wafanyakazi waliuita jicho la mwisho.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze. Dawa ya kunyoosha nywele ni kali, na maji matupu hayaiwezi. Huoshwa kwa shampuu maalumu ya kuizima. Ikiwa dawa bado imo, povu la shampuu ile hugeuka rangi ya waridi. Ikiisha, povu huwa jeupe. Mtoto anayejifunza rangi angeweza kuifanya kazi hiyo.

Mimi sikuiweza tena. Kwa miezi mingi, kila povu kwangu lilikuwa jeupe.

Jumamosi ile aliketi kitini Karani. Huyu ni wifi ya mwenye saluni, dada wa mumewe, na ni karani wa mahakama. Nywele zake zilikuwa za mawimbi, laini, zikimshukia mabegani zenyewe bila kuombwa. Msusi wetu, mwanamke ambaye mdomo wake ulikuwa haujui mapumziko, alimwuliza kama ana homa. Wenzake wanatafuta mawimbi kwa udi na uvumba, yeye anakuja kuyafukuza.

Karani akasema Msusi hajawahi kulala na nywele hizo. Kila asubuhi zinaamka na maoni yao. Amepandishwa cheo, anakaa mbele ya mawakili, na jana wakili mmoja alimwuliza kama kuna upepo ofisini.

"Nataka nywele ambazo zikiambiwa kaa, zinakaa," alisema.

Nikatoa maagizo. Nywele za mawimbi hunywa dawa upesi kuliko za kipilipili, kwa hiyo kopo lake ni lile la nguvu ndogo, na dakika zake ni nane, si kumi na tano. Kingo za uso na masikio zipakwe mafuta mazito. Ngozi isikwaruzwe kwa kichana.

Katika hayo yote sikukosea. Siyaandiki kwa kujisifu. Nayaandika ili ujue kwamba sikukosa maarifa.

Aliyekuwa kwenye sinki siku ile ni Mama Pacha, mjane mwenye mabinti wawili waliozaliwa siku moja. Mikono yake ilikuwa na baraka. Wateja walisinzia chini ya vidole vyake. Msusi alizoea kumtania kwamba mwosha naye huoshwa, basi ajihadhari na mapenzi ya kazi. Mama Pacha hucheka kidogo, kisha huendelea.

Aliosha mara ya kwanza, akasuuza. Akaosha mara ya pili, akaniita. Niliinama, nikaona kile nilichokiona kila siku: weupe, kama maziwa yaliyomwagika.

"Jeupe," nilisema. "Mfunge taulo."

Mama Pacha hakuchukua taulo.

"Mwalimu, hapa kisogoni naona kama bado lina rangi."

Hakuyasema kwa ubishi. Aliyasema kwa sauti ya chini, ili nisikie mimi peke yangu. Lakini Msusi alisikia, maana Msusi husikia hata yasiyosemwa, na wanawake watatu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakainua vichwa.

Ningeweza kusema, osha tena. Maneno mawili. Shampuu ilikuwepo, maji yalikuwepo, na mteja hakuwa na haraka.

"Mama Pacha," nilisema, kwa sauti ile ya darasani, "mimi nilijua rangi kabla wewe hujajua kunawa. Ukitaka kufundisha, tafuta shule."

Benchi likacheka. Mama Pacha akachukua taulo.

Chini ya draya Karani alilalamika kwamba shingo inamwasha. Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya hewa ya moto. Alipoinuka, nywele zilikuwa zimenyooka kama uzi wa cherehani. Alijitazama kiooni mbele na nyuma, akanishika mikono yote miwili, akasema ya kale ni dhahabu.

Nililala vizuri usiku ule. Hilo nalo ni la kuungama.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujamaliza kufuta vioo, Karani aliingia amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Hakumsalimu mtu. Alikifungua kitambaa katikati ya chumba, akamgeuzia wifi yake kisogo.

Nilisikia mwenye saluni akivuta pumzi. Nilisikia kichana cha Msusi kikianguka.

Mimi niliona kivuli tu. Karani akanishika mkono, akauweka nyuma ya kichwa chake, na vidole vyangu vikaona kile macho yangu yalichokataa. Palikuwa na duara la ukubwa wa kisosi, halina unywele, na kingo zake zilikuwa na unyevu. Alisema nywele zilibaki kwenye mto Jumapili, zote kwa pamoja, kana kwamba zimeaga.

"Wifi," alimwambia mwenye saluni, "mawimbi umeyaondoa, sasa umeniachia ufuko."

Hakuna aliyecheka. Wala yeye mwenyewe hakukusudia tucheke.

Mwenye saluni alinigeukia. Alikuwa mwanafunzi wangu tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, na mpaka leo akiniuliza jambo hunyoosha mgongo. Aliuliza nani aliosha. Nikamjibu kwamba aliyeosha ni Mama Pacha. Aliuliza aliosha mara ngapi. Mara mbili. Akauliza kama mara mbili zinatosha. Nikamwambia kwamba vichwa vingine huhitaji tatu, na kwamba amri yangu inajulikana na kila aliyemo humu: taulo halifungwi mpaka povu liwe jeupe.

Tazama maneno hayo, msomaji. Hakuna hata moja la uongo. Niliyapanga tu. Masista walitufundisha kwamba uongo mbaya kuliko wote ni ule uliojengwa kwa matofali ya kweli. Mimi, mwanafunzi wao bora, nilijenga nyumba nzima na kuezeka.

Mama Pacha alikuwa amesimama karibu na sinki, taulo begani. Hakujitetea. Nilimsikia Msusi akianza neno, akalimeza, akainamia kichwa alichokuwa akisuka kana kwamba amepoteza mstari. Naye aliogopa kumsahihisha mtu ambaye mwenye saluni humwita Mwalimu.

Mama Pacha akaambiwa aende nyumbani mpaka Ijumaa, siku ambayo Karani angekuja na shauri lake lizungumzwe. Alikunja aproni yake mara nne, akaiweka juu ya rafu mahali pake.

Jumanne sikula. Jumatano, baada ya adhuhuri, nilikwenda kwake.

Anakaa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja kitanda, upande wa pili meza, madaftari ya mabinti, na beseni la nguo ambazo hazikuwa zake. Alikuwa ameshaanza kufulia majirani. Alijipangusa mikono, akanipa kiti, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, yeye akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, na utangulizi wake na kiini chake. Kabla sijafungua utangulizi, akaniwahi.

"Macho yako yalianza lini, Mwalimu?"

Utangulizi wangu wote ukanitoka.

Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. Alijua tangu siku ya mafuta ya miguu, maana chupa zile mbili hazifanani hata kidogo. Tangu hapo, kila niliposema jeupe naye akaona waridi, alikuwa akimwambia mteja kwamba anamalizia kwa maji ya baridi ili nywele zing'ae. Hapo aliosha mara ya tatu, mimi nikiwa nimeshageuza mgongo. Miezi saba. Vichwa hata havihesabiki. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba chini ya jicho langu hakijaungua kichwa hata kimoja, nilikuwa nikijisifu kwa mikono ya mwenzangu.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua. Mimi kilio changu kilikuwa kimelelewa na kubembelezwa na mtu mwingine kwa miezi saba, nisijue.

Kisha nikauliza swali ambalo hadi leo linanichoma.

"Sasa Jumamosi, mbona hukuongeza maji?"

Unaona nilichokuwa nikitafuta. Nilitafuta mtu wa kushika ncha ya pili ya mzigo.

Mama Pacha aliinamia beseni, akakamua nguo moja.

"Jumamosi nilikasirika," alisema. "Ulinifanya kichekesho mbele za watu. Nikasema moyoni, haya, leo tuone nani atamwokoa Mwalimu. Nikafunga taulo. Mwenye kichwa nikamsahau kabisa." Akainua uso. "Wewe hukuona, Mwalimu. Mimi niliona. Sasa niambie, kosa la nani?"

Nilimwambia kosa ni langu. Nilimwambia kwamba hasira yake niliiwasha mimi, kwamba ukimya wake niliuamuru mimi, na kwamba Ijumaa nitayasema yote mbele ya mwenye saluni na mbele ya Karani, kuanzia herufi za daktari mpaka povu.

Akanikataza. Alisema mimi nikitolewa pale sina pa kwenda kuitwa Mwalimu, ila yeye ana mikono, na vichwa havitaisha duniani. Nikakataa kukatazwa. Niliinua mkono wa kuume, kama tulivyofundishwa kuahidi, nikaahidi.

"Shusha mkono, Mwalimu," alisema, na safari hii alicheka kidogo. "Chai inapoa."

Nilirudi nyumbani mwepesi. Mtu akishaahidi kutenda jema huonja utamu wake kabla hajalitenda, na mara nyingi utamu huo humtosha.

Ijumaa saa kumi jioni, saluni ilipofungwa, tuliketi chumba cha nyuma, kati ya rafu za makopo na kamba ya taulo zilizoanikwa. Tulikuwa wanne: mwenye saluni, Karani, Mama Pacha na mimi. Nilikusudia kuanza.

Lakini mwenye saluni alisema tufuate utaratibu wa Mwalimu, ule niliouweka kwa mashauri yote ya saluni: mlalamikaji kwanza, mlalamikiwa wa pili, shahidi wa mwisho. Nikakaa. Nani angenilaumu kwa kuheshimu utaratibu?

Karani akaeleza. Daktari amemwambia kwamba pale kisogoni huenda nywele zisiote tena. Kazini wamemhamishia chumba cha majalada ili asikae mbele ya watu. Cheo alichopewa mwezi uliopita amekaimishwa mwingine. Aliyaeleza bila kulia, na bila kumtazama wifi yake.

Kisha Mama Pacha akasimama. Nilitazamia aseme kwamba aliniambia. Nilimwomba Mungu aseme, ili mimi nibaki na kazi ndogo ya kukubali.

"Ni mimi," alisema. "Povu lilikuwa na rangi. Nikafunga taulo."

"Uliiona hiyo rangi?" Karani akauliza.

"Niliiona."

"Ulijua dawa haijaisha?"

"Nilijua."

Karani alikuwa ameingia na hasira. Sasa hasira ilimtoka, ukaja utulivu wa kazini, na utulivu ule ulinitia baridi. Alitoa karatasi mkobani, akaandika, akisoma kwa sauti kila alichoandika. Kwamba huyu aliona. Kwamba alijua. Kwamba kwa kujua alimwacha mteja na dawa kichwani.

Nimesoma vya kutosha kuelewa uzito wa maneno hayo. Aliyekosea huomba radhi na hufidia. Aliyeumiza kwa kujua huitwa mahali pengine, na huko haulizwi kama ana mabinti. Mama Pacha hakulielewa hilo. Alidhani ananinunulia uzee wangu kwa kazi yake tu.

Mimi nililielewa, nikanyamaza.

Mwenye saluni alijaribu. Alimwomba wifi yake wayamalize kifamilia.

"Kisogo kingekuwa cha familia nzima, tungemaliza kifamilia," Karani alijibu. "Kisogo ni changu."

Akampa Mama Pacha kalamu. Mama Pacha akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kisha akairudisha kalamu kwa mikono miwili.

"Sasa Mwalimu," mwenye saluni alisema. "Wewe ulikuwepo. Ukitia sahihi kwamba ndivyo ilivyokuwa, mimi sina swali tena."

Zamu yangu ilikuwa imefika, kwa utaratibu wangu. Sentensi niliyoiahidi nilikuwa nayo tangu Jumatano, nayo ilikuwa na maneno saba: Mama Pacha aliniambia bado, mimi nikamwambia jeupe. Nikawaza jinsi watu wanavyoniamkia barabarani. Nikawaza jinsi watakavyoniita kesho, na jinsi mlango wa saluni utakavyosikika ukifungwa nikiwa nje yake.

Nikapokea kalamu.

Karatasi kwangu ilikuwa weupe mtupu. Sikuona maandishi, sikuona mstari, sikuona hata mahali karatasi ilipoishia. Nikashusha mkono pale nilipokisia, kwa uthabiti wote wa mtu anayeona.

Kidole kikanigusa kiganja. Kilikuwa kimepasuka kwa sabuni, na kilikuwa na joto. Kikauvuta mkono wangu taratibu kuelekea kushoto, kisha kikatua juu ya karatasi.

"Hapa, Mwalimu."

Nadhani hakufikiri. Alitenda alivyozoea kutenda kwa miezi saba. Ncha ya kalamu yangu ilikuwa imeshaacha alama ya wino juu ya ubao wa meza, shibiri nzima nje ya karatasi.

Mwenye saluni, alipokuwa darasani kwangu, hakuwa hodari wa hesabu, lakini hakuwahi kupitwa na jambo. Nilimsikia akisogeza kiti chake karibu na meza. Nilijua alikuwa akiitazama ile alama ya wino.

"Mama Pacha," aliuliza polepole, "kwa nini unamwonyesha Mwalimu mahali pa kutia sahihi?"

Karani akaacha kufunga mkoba wake.

Mama Pacha aliondoa kidole chake kwenye karatasi, akakunja mikono, akaniachia mimi lile swali.